Koti la Mume na Sauti ya Nekesa

Jumamosi jioni, Agosti 2009. Bungoma.

Mvua imepiga tangu saa tisa na bado haijachoka. Nimerudi kutoka Kitale viatu vimejaa tope, na habari niliyorudi nayo ni njema. Leo ningekuwa nachinja kuku. Badala yake nimekaa hapa nimenuna kama mtu aliyenyimwa chakula.

Nina wivu. Namwonea wivu mke wangu.

Haya, nimesema. Nekesa hana habari na mambo ya blogu, kwa hivyo hapa naweza.

Wanaonisoma wanajua nilikuwa mtu wa IT katika ofisi moja hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kufufua printa na kuwafungulia wakubwa kompyuta walizosahau maneno yao ya siri. Mwaka jana nikaacha, nikasema nitatengeneza michezo ya kompyuta, ya kwetu, ambayo mtu wa Bungoma ataicheza na kujiona humo. Wakasema nimerogwa. "Yaani umeacha mshahara ati ukacheze game, bana?" Shemeji yangu huniuliza hivyo kila tukikutana. Nimevumilia kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu maishani ambacho mtu akikiona atasema, hiki ni cha Wafula.

Kitu chenyewe ni mchezo wa tumbili. Wanavamia shamba la mahindi, nawe unawafukuza kabla hawajalimaliza. Nilihangaika nao miezi na miezi. Tumbili wangu wanapanda, wanaruka, wanakimbia na hindi kwapani. Mlinzi wa shamba mchezoni alikuwa mwanamume mwenye manati. Mchezo ulienda bila kukwama hata mara moja, na kila aliyeucheza alipiga miayo.

Siku moja Nekesa, ambaye ni fundi wa nguo, alikuwa akipinda sketi ya mtoto wa shule huku akinitazama. Akasema, "Baba Faith, hao si tumbili. Tumbili gani anaogopa hivyo? Weka mwanamke uone."

Amekulia Matulo, na utoto wake wote alilinda mahindi. Huko kila mtu anajua kwamba tumbili hamwogopi mwanamke. Humtazama tu na kuendelea kula. Kwa hivyo mama yake alikuwa akikimbilia nyumbani, anavaa koti na kofia ya mumewe, anarudi shambani akitembea kwa kishindo, na hapo ndipo wanatoroka.

Nikaweka mwanamke. Nikaweka koti la mumewe kwenye msumari nyuma ya mlango wa nyumba yake. Kisha Nekesa akaomba aongeze maneno, yale ambayo mtu humwambia tumbili anayemtazama. Nikamwekea maikrofoni kando ya cherehani. "We, unakula kwangu, kwani ulinilipia mahari?" "Angalia macho! Hata aibu hana, na ana watoto!" Alimaliza alasiri hiyo hiyo, akarudi kwenye sketi yake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga miayo.

Majirani wakija kucheza hawaniulizi nimewafundishaje tumbili kuruka. Wanauliza, "Mama Faith yuko?" Wanataka awatukane na wao. Nacheka nao, lakini tumboni kunawaka moto.

Leo nimeupeleka mchezo Kitale kwa Bwana Swaleh, mwenye cyber kubwa ya intaneti karibu na msikiti. Anatafuta kitu cha kuwavuta wanafunzi likizo hii. Nimeweka CD, naye akaketi kucheza. Mwanamke wa kwenye mchezo alipovaa koti, akaanza kutabasamu. Tumbili alipoulizwa kuhusu mahari, mzee mmoja kutoka Kachibora, aliyekuja kuchapisha barua, akavuta kiti akasogea.

"Haki, huyu mama ni nani? Anaongea kama bibi yangu wa nyumbani kabisa!"

Bwana Swaleh naye akanigeukia. "Kweli, umemtoa wapi?"

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa mdomoni. Ni mke wangu, na hata hilo koti ni wazo lake. Badala yake nikasema, "Ni mtu wa redio tu. Nilimlipa."

Sijui uongo huo ulitoka wapi. Hapana, najua. Ulitoka palepale panapowaka.

"Basi Jumatano njoo naye," akasema. "Huu nauchukua, na nataka mwingine, wa kuku na mwewe. Lakini bila huyo mama, usijisumbue kuja." Akanipa mkono.

Bila huyo mama. Kuhusu tumbili wangu hakusema neno.

Nyumbani nimemwambia Nekesa kwamba mchezo umependwa. Amepiga vigelegele mpaka Faith akatoka chumbani mbio. Kisha akakaa kuchambua maharagwe, macho kwenye ungo, akauliza polepole, "Waliuliza sauti ni ya nani?"

"Hawakuuliza."

"Sawa," akasema, akaendelea kuchambua.

Tangu wakati huo niko mbele ya kompyuta. Mchezo ukifunguka, jina linalotokea ni langu peke yake. Nimeandika la Nekesa juu yake. Nimelifuta. Nimeliandika chini kwa herufi ndogo, nikaona haya, nikaziongeza ukubwa.

Sasa hivi namsikia jikoni. Kuku amekimbia mvua akaingia ndani, naye anamfokea. "Umekuja mkono mtupu, halafu unataka kukaa karibu na moto!" Nimecheka peke yangu kabla sijajizuia. Kauli hiyo ni tamu kuliko maneno yote aliyowaambia tumbili, na mimi haingenijia hata ningekaa hapa mwaka mzima. Hilo ndilo linaloniuma. Yeye hata hajui kwamba amefanya kitu.

Nimemwita. "Mama Faith, Jumatano una kazi nyingi?"

"Kwa nini?"

Nimerudi kuandika hapa, kana kwamba nyinyi ndio mlioniuliza. Sasa amekuja amesimama mlangoni, ungo mkononi, anangoja.