Helka Amechanjwa kwa Neno la Sirkka

Irja, ni vuli ya mwaka 2023, na hapa Tampere nimeshindwa na Sirkka, mama mkwe wa mjukuu wangu Helka!

Mwezi mzima nilimhimiza Helka: homa ya mafua humwumiza vibaya mja mzito, nenda ukachanjwe. Akanijibu, "Bibi, umeanza tena!"

Leo nimemkuta kwa Sirkka, begani ana plasta. Amechanjwa, Irja! Amechanjwa, wala si kwa neno langu!

Sirkka alimwuliza tu, "Unaogopa nini, mwanangu?" Kumbe Helka alihofia chanjo ingemdhuru mtoto aliye tumboni. Wakampigia mkunga simu, naye akamtoa hofu. Swali moja! Mimi sikuliuliza. Namwonea wivu.

Kisha Sirkka akanicheka: "Mwalimu, uliahidi maandazi ya mdalasini kwa atakayemshawishi. Yako wapi?"

Nimeyaoka. Nimempelekea yangali moto, na kahawa yake nimeikataa.