Almasi Yenye Masizi

Jumanne, 4 Februari
Umeme umekatika saa nne, umerudi saa nane. Mvua. Hereni za mwalimu wa Kaengesa bado hazijaisha. Mgongo unauma.

Mawe matatu yamefika kutoka Arusha. Almasi za kijivu, zenye madoa meusi ndani. Nyeupe safi sijawahi kumiliki. Niliagiza kila jiwe likatwe kivyake, mteja achague kwa macho.

Nimeyakagua kwa lenzi. La mviringo: nyuso hamsini na saba, chini limechongoka, kimo milimita 3.1. Linawaka kuliko yote. Ila doa moja linajirudia kila upande, nimelihesabu mara saba. Na lina ufa pembeni. La mkato wa ngazi: nyuso zinashuka kama vidato, wazi kama dirisha, madoa hayazidi wala hayajifichi. La mkato wa waridi: chini bapa, juu kuba, nyuso ishirini na nne, kimo 1.8. Haliwaki sana. Madoa yametulia ndani kama wingu.

Ningechagua waridi. Sijaulizwa.

Jumamosi, 8 Februari
Wamekuja. Mama Resti, mkulima wa Kasense, na binti yake Resti anayefanya kazi Dodoma. Jubilei ya ndoa ya wazazi, miaka ishirini na mitano, ni tarehe 22. Resti ndiye mwenyekiti wa kamati, na pete anaitoa yeye.

Lenzi hakuigusa. "Dada fundi, hii almasi au umeiokota jikoni?" Akacheka peke yake. Akachukua la mviringo, eti liwake mpaka viti vya nyuma kanisani. Nikamweleza ufa, kimo, madoa. "Wewe tengeneza tu, dada. Ushauri tutamwomba padri."

Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Nilianza kwa kufagia duka la sonara Mbeya. Sikufundishwa, niliiba kwa macho. Leo naambiwa nitengeneze tu.

Mama kaninyooshea mkono. Nimempima kidole: milimita 19.2. Pete yake ya shaba imelika mpaka imekuwa kama uzi.

Alhamisi, 13 Februari
Imeisha. Kucha nne za dhahabu zimelishika jiwe. Jiwe limesimama juu ya kidole milimita tano. Kazi safi, hata kama jiwe silipendi.

Mama kaja mwenyewe. Kaivaa hapo hapo, ile ya shaba kaifunga kwenye leso. Nikamwambia asubiri ibarikiwe. "Ya kwanza sijaivua hata siku moja, mwanangu. Hii nayo nitaivua kwa nini?"

Nikafurahi. Mjinga mimi.

Jumanne, 18 Februari
Nimemkuta Mama Resti mlangoni kabla sijafungua. Pete kaifunga kwenye pindo la kanga.

Ni msimu wa matuta. Ameinama siku nne, anakusanya majani, anayafunika udongo kwa jembe, pete kidoleni. Majani yamenasa, ukucha mmoja umefunguka, jiwe limeruka. Amebomoa tuta lile lote na kuchekecha udongo mpaka jioni. Amelipata. Limemeguka pale pale kwenye ufa.

"Usimwambie Resti. Atanisema mpaka nizeeke mara ya pili."

Nilitaka kumlaumu. Nimeshindwa. Nilipima kidole mpaka sehemu ya kumi ya milimita, sikuuliza mkono unafanya kazi gani. Mimi niliyekulia kwenye matuta. Aibu.

Zimebaki siku nne. Nimemwekea mawe mawili kiganjani, achague mwenyewe. La ngazi kalirudisha upesi. "Hili linanikodolea macho." La waridi kaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha kacheka, mara ya kwanza.

"Hili tuta! Ona, na majani yake yamefukiwa ndani."

Nikachukua lenzi. Kweli. Kuba, na weusi uliolala chini yake. Nimeliangalia wiki mbili, sikuona.

Alhamisi, 20 Februari
Nimefanya mpaka vidole vimekufa ganzi. Hakuna kucha. Ukingo wa dhahabu umezunguka jiwe lote, kimo 2.4. Nimepitisha soksi ya sufu juu yake mara kumi. Haijanasa hata uzi.

Jiwe lililomeguka hasara yangu. Sina nguvu ya kubishana.

Jumamosi, 22 Februari
Kanisa limejaa. Nilikaa nyuma. Kutoka kule pete haiwaki hata kidogo. Mzee wake alimvisha, watu wakapiga vigelegele.

Nje Resti kanifuata. "Dada fundi, hii siyo niliyochagua."

Mama yake akageuka. "Resti, kidole ni cha nani?"

Resti akarudi kwa wageni. Hakunisalimia tena. Sawa tu. Nimechoka, nimeondoka kabla ya chakula.

Jumatatu, 24 Februari
Nimepeleka hereni Kaengesa. Wakati wa kurudi nimepita Kasense. Manyunyu.

Mama Resti alikuwa shambani, ameinama kwenye majani. Sikumwita. Alinyoosha mgongo mwenyewe, akaniona, akanipungia. Mkono wote matope mpaka kiwiko.

Pete sikuiona. Najua ipo.