Friza Lililojaa Ndizi za Kyimo

Mtwara, Jumapili

Mama, ugonile. Goti limelalaje? Nauliza kwa barua kwa sababu kwenye simu kila siku unaniambia "nipo tu, mwanangu," halafu unakimbilia habari za watoto. Kaka Lusajo akusomee taratibu mpaka mwisho.

Sisi hatujambo, ni joto tu linatuonea. Ila kwa wiki mbili friza la jikoni lilitunyima raha. Lilinguruma kutwa kucha bila kupumzika hata kidogo. Mkweo akasema lina homa. Nikalisogeza mbali na ukuta, nikafuta vumbi nyuma, nikapunguza baridi, wapi. Jumatano akaja fundi, mzee mmoja wa hapa asiyependa maneno mengi. Akabana kipande cha karatasi kwenye mfuniko, akakivuta, kikatoka kirahisi kabisa. Akafungua, akainama, akabandua jani la mgomba lililogandia kwenye raba.

"Hili linafanya nini humu?"

"Nimefungia ndizi, mzee."

"Ndizi za kwenye friza mnazifunga majani?"

Nikamwambia kwetu Kyimo chakula hufungwa kwa jani, mambo ya mifuko tumeyajulia ukubwani. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema friza limejaa mno na majani yamechomoza, mfuniko haukai, joto linaingia, mashine inahangaika bure. Nitoe vyote, barafu iyeyuke.

Hapo nikagoma. Mama, zile ni ndizi za mikungu uliyonitumia kwa basi. Nilizimenya zote nikazishindilia humo, na nilipika mara moja tu. Nilikuwa nafungua, naziangalia, nafunga. Kaka Lusajo alishaniambia, na usimkasirikie, kwamba hushuki tena shambani, kwamba mikungu ile aliikata yeye na wewe umekaa pembeni unamwelekeza, na migomba ya kule chini imezidiwa na magugu. Nikajua hizo ndizo za mwisho za mkono wako. Niliogopa zisije zikaisha.

Fundi aliniona nafuta machozi. Akasema, "Mwanangu, chakula ni cha kuliwa," akachomoa waya.

Basi nikapika zote siku hiyohiyo, mbalaga yetu ya ndizi na maharage, kama ulivyokuwa unapika mvua ikikataa kukatika na sisi tumejibana kwenye mafiga tunagombea kulamba mwiko. Jikoni kukanukia kwetu. Majirani walikula, fundi alikula, na mkweo, ambaye kila siku ananiambia ndizi si chakula cha mwanaume, aliongeza mara mbili. Mimi nilikula huku nalia na wala sikuona haya.

Sasa usinitumie ndizi tena. Likizo yangu ni mwezi ujao, nakuja kupalilia kule chini na kupanda upya. Tatizo ni kwamba kupanda mgomba sijui, nilijua kula tu. Sijui chipukizi lipi ling'olewe na lipi liachwe, wala shimo liende chini kiasi gani. Lusajo naye nimemuuliza, hajui. Sote wawili tulikuwa tunakuachia wewe.

Nisalimie shangazi wa pale karibu na kanisa, na mwalimu wa kwaya. Kaka Lusajo akishamaliza kusoma, atafute majembe mawili yenye mipini mizima.

Na wewe Mama, usipige tena hatua za bure bure. Niwekee nguvu kidogo za kunifundisha.

Mwanao ambaye bado anakuhitaji,
Atupele