Claudine yuko nyuma ya kaunta yangu

Jumatano, alasiri. Mvua imenyesha asubuhi yote, sasa jua limetoka na mtaa wetu wa Buyenzi unanuka matope na oili ya magari.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu wiki nzima nimeuita kwa majina mengine: uchovu, kichwa, joto.

Claudine anafanya kazi kwenye farmasi yangu. Si mali yangu, lakini kwa miaka sita mfamasia wa pale nilikuwa mimi. Leseni yangu iliposimamishwa, mwenye duka akamleta yeye. Tulisoma pamoja, na nilikuwa namwazima daftari zangu. Sasa wateja wangu wanamwita "dada Claudine" na kusema ana roho nzuri. Roho nzuri! Kwani mimi nilikuwa nawapa dawa huku nawafokea?

Kosa langu lilikuwa hivi. Huku kwetu wengi hawanunui boksi zima. Mtu anataka vidonge vya siku tano, unachukua mkasi, unakata plaketi, ile pakiti bapa ya vidonge, kipande kinachobaki unakirudisha ndani ya boksi. Ila jina la dawa huandikwa kwenye ncha moja tu, na ukikata vibaya, kinachobaki hakina jina. Mimi nilirudisha kipande cha dawa ya kisukari ndani ya boksi la dawa ya presha. Vidonge vya dawa zote mbili ni vidogo, vyeupe. Kipande hicho nikampa Mama Saidi, jirani yetu, mgonjwa wa presha, mtu anayenijua tangu natambaa.

Kesho yake alikuwa amefunga saumu ya sunna. Alimeza kidonge wakati wa daku, sukari ikamshuka, mchana akaanguka uani na kuvunjika mkono. Majirani walidhani ni njaa. Hospitali ndiyo iliyogundua.

Kesho nasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Wakiona ni kosa la mkono tu, huenda nikarudishiwa leseni baada ya miezi michache. Wakiona kuna zaidi ya hapo, watanifuta, na mfamasia aliyefutwa haruhusiwi kuuza hata dawa ya kikohozi.

Kinachoniunguza ni kwamba Claudine naye aliwahi kukosea vilevile, alipokuwa akifanya kazi mtaa wa Rohero. Kipande kisicho na jina, boksi lisilo lake. Alipogundua alifunga kaunta, akaenda hadi mtaa wa Ngagara, akapiga hodi nyumba baada ya nyumba mpaka akampata mteja kabla hajameza. Halafu akajiripoti mwenyewe. Akapewa barua ya onyo, basi. Niliposikia nilicheka. Nilisema msichana huyu anajipalia makaa.

Juzi niliiandikia kamati barua nitakayowapa kesho. Ukurasa wa pili wote unamhusu Claudine: kwa nini yeye onyo, na mimi adhabu? Nimeusoma mara nne, na kila mara nilijisikia vizuri. Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana.

Leo mchana nimekwenda kumchungulia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vipuri, nikijifanya natazama betri. Nilitaka kumwona akikosea.

Nikamwona anamhudumia Mama Saidi, na Mama Saidi, mkono kwenye plasta, anacheka naye. Kila kipande kinachobaki Claudine anakitia kwenye bahasha na kuandika jina la dawa juu yake. Jambo dogo hivyo, na mimi miaka sita sikuwahi kulifikiria.

Mama Saidi alipotoka akaniona.

"We mutoto, mbona unajificha kama mwizi? Kuja hapa unisalimie."

Nikavuka. Akaniwekea begani ule mkono usiovunjika.

"Usiogope. Ile kosa ya mukasi mi nilishaisamehea. Kesho wakiniita nitawaambia hivyo. Kila mutu anakoseaka."

Ningeweza kunyamaza. Lakini Claudine alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza, na nadhani ni wivu ndio ulionifungua mdomo: sikutaka yeye peke yake awe mtu wa kusema kweli.

Nikasema kile ambacho hata mume wangu hajui. Kwamba nilijua. Siku ileile, saa kumi alasiri, alikuja mgonjwa wa kisukari, nikatafuta kile kipande nisikione, nikaelewa kimekwenda wapi. Nyumba ya Mama Saidi iko umbali wa barabara mbili tu kutoka dukani. Nikajiambia nitakwenda asubuhi. Niliona aibu.

Mama Saidi akaondoa mkono wake begani mwangu.

"Saa kumi?"

"Ndiyo, mama."

"Ile siku magaribi nilikuwa nimekaa ku mulango. Ulipita. Nilikuambia kesho nafunga, ukanitakia saumu njema."

Ni kweli.

Akaondoka bila kuniaga. Claudine akarudi ndani kwa wateja. Natamani angesema chochote, nipate pa kumchukia.

Nimerudi nyumbani nikauchana ule ukurasa wa pili. Wivu haujaisha, sitajidanganya. Yeye alipiga hodi kwenye mtaa asioujua. Mimi mlango nilikuwa naujua, na Mama Saidi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake.

Mama Saidi anaweza kuwaambia kesho, ana haki hiyo. Lakini nataka jambo hili walisikie kwangu kwanza, hata wakinifuta. Nimeanza barua upya. Sentensi ya kwanza nimeiandika bila kufuta neno: "Nilijua tangu saa kumi alasiri, na jioni nilipita mbele ya nyumba yake nikamtakia saumu njema."