Kibuyu cha Tatu

Litein, Jumamosi jioni

Kibuyu cha tatu ndicho alichokunywa. Viwili vya kwanza vilichacha kupita kiasi nikimngoja.

Binti yetu Chebet ni polisi, alikuwa ng'ambo na kikosi cha kulinda amani. Askari ni wetu, lakini ndege ni ya ile nchi kubwa inayofadhili, kwa hivyo siku ya kurudi wanapanga wao. Wakisema mwezi ujao, nasugua kibuyu kwa mkaa, natia maziwa yagande yawe mursik ya kumpokea. Halafu wanaahirisha. Maziwa hayangojei mkubwa wa mtu!

Asubuhi mzee wangu alikuwa bado anawasifu wafadhili hao. "Mama Chebet, wametupa magari, wametupa redio. Hao ni marafiki."

"Na sisi tumewapa nini?"

Akachukua ndoo akaenda kukama.

Saa nane mtoto akafika, amekonda lakini mzima. Alikunywa papo hapo mlangoni, akapangusa midomo. "Mama, hii ndiyo nilikuwa naota."

Nimefurahi, sitaficha. Kama watamwita tena hajasema, nami sijauliza. Nimeosha kibuyu nikakitundika juu kabisa, mahali siwezi kukifikia bila kiti.