Ng'ombe Niliowahesabu Ijara

Aabo,

Baba yangu, nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyosema ni ya ofisi na ya kubishana na askari wa vizuizi vya barabarani. Nikiandika Kisomali nitalia, na leo sina nafasi ya kulia. Adeer Bare, ndugu yako, anakuja baada ya swala ya Ijumaa kuchukua jibu langu. Tangu nianze barua hii nimeinuka kitini mara sita. Nimefagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Hooyo, mama yangu, ameniambia nitulie kama mtu, nimeshindwa.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mwalimu Mutua amepata uhamisho kurudi kwao Machakos, na ameniachia ile kompyuta yake kuukuu. Iko chumbani mwako, nisamehe, ndicho chenye soketi nzima. Naifunika shuka kwa sababu ya vumbi. Kazi yangu sasa ni kutengeneza tovuti, na sina mwajiri. Wateja wangu ni muuza vitambaa wa hapa mjini, wauza ngozi kule Nairobi, na juzi duka moja la kambini Hagadera ambalo mwenyewe ana jamaa ng'ambo. Naandika kurasa hapa, naziweka kwenye disketi, naifunga kwa nailoni na kuikabidhi basi la asubuhi. Ndugu yake Mwalimu huipokea Nairobi akazipandisha kwenye intaneti. Ofisi moja ya huko ilitaka kuniajiri, nikakataa. Sikutaka kumwacha Hooyo peke yake, na tena sipendi kuamrishwa. Hilo unajua nimelirithi kwa nani.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa kidato cha tatu, kila jioni niko kwa Mwalimu na mkewe, mpaka watu wakaanza kukutia maneno. Ukaja mwenyewe na fimbo yako. Mimi nikajua yamekwisha. Ukakaa, ukanywa chai ya mama Mutua, ukasema kwa lafudhi yako ya Kisomali, "Mwalimu, huyu mtoto usimbige. Mfundishe hii mashine yote, usibakishe." Kisha ukaikazia macho skrini na kuuliza mbona haina hata mnyama mmoja. Ndipo wazo likaniingia.

Likizo ikafika, nikaja Ijara kwenye ng'ombe wetu. Mwongozo wa Mwalimu ulisema ukurasa mzuri hutaja mambo kwa hakika. Basi asubuhi nikasimama kwenye mlango wa zizi, nikawahesabu wakitoka. Siku tatu mfululizo, na mara zote tatu nikapata idadi ile ile. Hivyo ndivyo nilivyoandika ukurasa wangu wa kwanza: jina lako, alama ya ng'ombe wako, na idadi; Mwalimu akaupeleka Nairobi ukapandishwa kwenye intaneti. Mimi, binti wa mfugaji! Nimekua nikijua kwamba mifugo haitajwi kwa hesabu, kwamba mgeni akiuliza wako wangapi anajibiwa "Alhamdulillahi, wapo," lisije jicho baya likawaangukia. Nilijua, Aabo. Nilidhani mwiko ni wa mdomo tu, na kompyuta haina mdomo.

Hata mwezi haukupita, mnunuzi kutoka Nairobi akaja na karatasi yenye ukurasa wangu kwenye soko la mifugo, akaisoma idadi kwa sauti mbele ya wazee. Wote wakakugeukia. Ukasema, "Binti yangu hajui kuhesabu." Wakacheka, na kicheko chao kikanifikia nyumbani. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote. Miezi mitatu nikakupa salamu tu. Nilikuwa nakuwekea chai na kuondoka.

Kisha ikaja ile mvua isiyojua kukoma. Mto ukafurika, maradhi yakaingia, ng'ombe wakatupa mimba, wakafa. Watu wakasema ni ile namba. Ukarudia neno lako lile lile, binti yangu hajui kuhesabu, nami nikaona unanichoma mara ya pili.

Juzi Adeer Bare ndiye aliyeniambia ambacho sikukijua. Siku ile sokoni, kicheko kilipokwisha, wazee walikutaka uape kwamba idadi ni ya uongo. Ukakataa kuapa. Ukachukua fimbo yako ukaondoka. Ameniambia hayo kama mtu anayenishtaki. Hukuwahi kumdanganya hata mnunuzi wa mbuzi mgonjwa, ila kwa ajili yangu ulisema uongo ambao hukuweza kuuapia. Idadi ikiwa ya uongo, jicho halikumwona ng'ombe yeyote, na hakuna wa kusema msichana ndiye aliyewamaliza. Ulikuwa unanikinga, Aabo, na mimi nikakununia. Ningejua ningekuosha miguu.

Sasa ananiuliza mimi: "Ilikuwa ya kweli ama si ya kweli? Nijibu Ijumaa." Ikiwa ya kweli, mashine itoke nyumbani na kazi hii iishe. Si mtu mbaya. Ng'ombe wake mwenyewe walikuwa kwenye zizi lile. Nikisema nilikosea, ataniacha, lakini kabla ya Magharibi mji mzima utajua kwamba mtengeneza tovuti wa Garissa hawezi hata kuhesabu ng'ombe wa baba yake. Na miaka miwili hii nimekuwa nikitamani mtu mmoja tu aseme kwamba nilihesabu sawasawa.

Kuna jingine. Je, ni mimi niliyewaua? Daktari wa mifugo alisema ni maradhi yaliyoletwa na mbu. Asubuhi namwamini. Ikifika adhuhuri nakuwa nazunguka ua tena.

Swala imekwisha, nasikia watu wakitoka msikitini. Nitamwambia Adeer nilikosea. Akinitaka niape, nitakataa kama ulivyokataa wewe, anione jeuri akipenda. Nakuahidi pia kwamba ukurasa ule utaondolewa, disketi ya Jumatatu inakwenda na maagizo hayo, na mfugaji yeyote nitakayemtengenezea tovuti, nitaandika "wapo" tu.

Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi. Hooyo anamkaribisha Adeer uani, lazima niende.

Idadi ilikuwa sahihi, Aabo. Nakwambia wewe tu.

Sahra