Gemu Imeongea Kiswahili Mbele ya Jumuiya

Zenon we, nimekwisha.

Ile gemu iliyokuwa inatuandikia "haipatikani nchini kwako" mwaka mzima, leo imefunguka. Na kile Kiswahili tulichowaomba wale jamaa walioitengeneza mpaka tukachoka, wamekiweka kweli! Nikawasha sebuleni, sauti juu.

Nikasahau leo jumuiya inasali kwetu.

Kina mama wanaingia na rozari zao, na mkuu wangu wa jeshi kwenye gemu anafoka: "Choma nyumba zote! Usimwache hata yule bibi!"

Kiswahili kimenyooka, mshikaji wangu. USIMWACHE HATA YULE BIBI! Mama Bertilla akafanya ishara ya msalaba. Kesho mtaa mzima wa Majengo unajua.

Mama, ambaye miaka yote namwambia gemu zinanifundisha Kiingereza, akauliza taratibu: "Teodori, na wewe humo ndani ni yupi?"

Nikamwonyesha. Yule mwenye mwenge.

Unajua hakuzima TV? Akakaa. "Basi mtoe huyo bibi kwanza, ndipo tusali."

Wote wananisubiri. Nimesimamisha gemu, nimejifanya naenda chooni, ndiko nakuandikia.

Zenon, nimebonyeza kila kitufe. Cha kuchoma kipo. Cha kumtoa bibi hawakuweka.